Picha ya Alhamisi

Chumba cha Mitchelle kilikuwa na vitabu zaidi ya mia mbili, na Sajenti Hasina alivikuta vimepangwa kwa rangi. Vyekundu juu, vya manjano chini yake, halafu vya kijani, vya buluu, na vyeusi karibu na sakafu, kama vitenge vya dukani. Hadithi moja yenye vitabu viwili, cha kwanza kilikuwa rafu ya juu kabisa na cha pili chini kabisa, kwa sababu ya majalada.

"Mtu akimaliza cha kwanza akitaka cha pili, analala chini?" Hasina aliuliza.

"Hakuna mtu anavisoma hapo, madam," Mitchelle alisema. "Hiyo ni ya picha."

Hasina alichomoa kimoja. Kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Alichomoa cha pili, nacho vilevile. Cha tatu kilijifungua chenyewe mwishoni, na kurasa za mwisho tu ndizo zilizokuwa zimechafuka kwa vidole.

"Huanza mwisho," Mitchelle alieleza. "Nikishajua nani anakufa, sipotezi machozi."

Alisema bila haya. Alikuwa na miaka ishirini, nywele zimesukwa vizuri, mikono imepakwa hina mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amekaa kitandani, simu mapajani.

Mezani, penye mwanga wa dirisha, palikuwa na kikombe cha kahawa chenye povu zito. Konstebo Rashad, aliyekuwa akiandika maelezo, aliinama akanusa.

"Afande, hii ni sabuni."

"Povu la kahawa linakufa haraka," Mitchelle alisema. "La sabuni linakaa."

"Na wanaokufuata huko kwa simu wanajua wanaangalia sabuni?"

"Wanajua ni kahawa."

Mzazi akiona mtoto ameshika kitabu hutulia roho. Husema afadhali huyu, wenzake wako kwenye disko. Ndivyo alivyosema Rosina wa Golbanti alipomruhusu binti yake Lavender, mtoto wake wa pekee, aje Minjila kukaa wiki tatu kwa rafiki yake, huyu Mitchelle. Lavender Komora alikuwa amemaliza kidato cha nne, ana miaka kumi na tisa. Alikuwa na ukurasa wa kueleza vitabu uliofuatwa na watu elfu kumi na moja. Wachapishaji wa Nairobi walikuwa wameanza kumtumia maboksi ya vitabu bure. Mitchelle naye alikuwa na ukurasa wake. Wake ulifuatwa na watu mia nane.

Simu ya Lavender ilikuwa imekufa kioo, kwa hiyo kurasa zote mbili ziliendeshwa kwa simu ya Mitchelle.

Alhamisi saa moja asubuhi, picha ilitoka kwenye ukurasa wa Lavender. Amesimama ukingoni mwa mto, kwenye shamba la mpunga la kwao, ng'ambo ya Golbanti. Mtandio wa zambarau, kitabu kifuani, mikono yote miwili imekikumbatia. Baada ya picha hiyo hakuonekana tena. Ijumaa mama yake akapiga ripoti.

Mitchelle alikuwa ameshaandikisha maelezo. Kwamba Alhamisi asubuhi ndiye aliyempiga hiyo picha. Kwamba alirudi Minjila kwa bodaboda, akamwacha Lavender na Silas, mwanamume anayevusha watu kwa mtumbwi pale Golbanti. Maneno hayo yalifika kijijini kabla ya polisi. Jumamosi vijana walimpiga Silas kwa makasia yake mwenyewe, na sasa alikuwa selo ya Garsen, jicho moja limefungana. Leo ilikuwa Jumapili. Kesho saa tatu angepelekwa mahakamani, na watu walikuwa wameanza kukaa nje ya kituo tangu asubuhi, wamebeba chakula chao, wakingoja atolewe.

"Nionyeshe ukurasa wake," Hasina alisema. "Anza Jumatatu."

Mitchelle alitelezesha kidole. Jumatatu mtandio mwekundu, Lavender ameketi kwenye mtumbwi. Jumanne mtandio wa kijani, ameegemea mgomba. Jumatano wa rangi ya machungwa. Alhamisi wa zambarau.

"Kila siku mlikuwa mkitoka hapa Minjila mpaka mtoni kwa picha moja?"

"Kazi ni kazi, madam."

Chini ya picha ya Jumatatu palikuwa na maneno mengi ya watu, mioyo na maua. Katikati yake Hasina aliona jina la Rosina. Ameandika: Umekula mwanangu? Dakika nne baadaye ukurasa ulimjibu: Nimekula mama. Wali na samaki.

"Mama yake hampigii simu?"

"Anapiga kwangu. Jumanne alipiga, Lavenda alikuwa amelala. Nikamwambia amelala."

"Hamkumwamsha?"

"Alichoka."

Rashad aliandika. Hasina aliikuza picha ya Alhamisi kwa vidole viwili mpaka mikono ya yule msichana ikajaa kioo chote. Kisha akamtazama Mitchelle mikono.

"Hina nzuri. Nani fundi?"

"Fahima, hapo Garsen. Tulipakwa pamoja, mimi na Lavenda. Kulikuwa na arusi ya jirani."

"Lini?"

"Jumamosi ya juzi. Jioni."

"Ile ya majani au ya dawa?"

"Ya majani. Fahima hatumii dawa, anasema inachoma watoto wa watu."

"Fundi wa kweli," Hasina alisema. Alisimama. "Simu nitaondoka nayo. Rashad, mwandikie risiti."

Hapo ndipo Mitchelle alipobadilika uso kwa mara ya kwanza. "Madam, nina picha ya jioni. Watu wananingoja."

"Watangoja."

Ndani ya gari Rashad alishindwa kuvumilia. "Afande, hina inahusu nini?"

"Mkeo hapaki?"

"Anapaka. Sijui siku."

"Wewe ndio wale ambao mke akinyoa nywele wanamwuliza kama amepona homa." Hasina alikuwa mtu wa Kipini, na kwao mtoto wa kike huyajua haya kabla ya kujua kusoma. "Hina ya majani ukiitoa, siku ya kwanza ni rangi ya chungwa bivu. Siku ya pili inaiva. Siku ya tatu ni nyekundu ya damu, karibu nyeusi. Tazama picha ya Alhamisi. Mkono ni rangi gani?"

Rashad alitazama. "Chungwa."

"Tazama ya Jumatatu. Ya Jumanne."

"Chungwa. Zote."

"Walipakwa Jumamosi jioni. Alhamisi ni siku ya tano. Ama Fahima ameanza kuuza unga wa manjano, ama hizi picha zote nne ni za siku moja, na siku yenyewe ni Jumapili. Walibadilisha mitandio tu."

"Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Umeona kikombe cha sabuni, bado unaniuliza kwa nini?"

Selo ya Garsen ilinuka mkojo na dawa ya kidonda. Silas alikuwa ameegemea ukuta, mkono wa kulia ameuweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine. Hasina alichuchumaa mbele yake.

"Kaka Silas, unaona kwa jicho hilo lingine?"

"Naona kidogo, afande."

"Hii ndiyo picha."

Silas hakuichukua simu. Aliitazama pale pale mkononi mwa Hasina. "Ndiyo hii?"

"Hujawahi kuionyeshwa?"

"Nani anionyeshe? Walisema picha, picha, Silas yuko kwenye picha. Nimepigwa kwa picha ambayo sijaiona." Alisogeza uso karibu. "Hii ni lini?"

"Wanasema Alhamisi."

"Alhamisi ya mwaka gani?"

"Alhamisi hii iliyopita. Saa moja asubuhi."

"Hapana, afande. Hapo aliposimama ni shamba la kina Komora, mpunga wao ule haujakatwa. Maji ya mafuriko kutoka juu yalifika Jumanne usiku. Jumatano mimi nilipita na mtumbwi juu ya huo mpunga, nimebeba kuku wa mwalimu. Alhamisi mtu akisimama hapo maji yanamfika shingo." Alicheka kidogo, halafu akashika mbavu. "Waliniuliza nimempeleka wapi. Hakuna aliyeniuliza mto ulikuwa wapi."

"Jumapili iliyotangulia ulikuwa wapi?"

"Kanisani mpaka saa saba. Halafu kikao cha wazee wa kanisa mpaka jioni. Niliuacha mtumbwi upande wetu. Nikirudi naukuta umefungwa ng'ambo, upande wa barabara ya Minjila. Nikatukana watoto, nikaogelea kuufuata. Kulikuwa na maji ndani na karatasi za nailoni, zile za kufungia vitu vipya. Nikazitupa."

Hasina alimtazama Rashad. Rashad alikuwa ameacha kuandika.

"Andika," Hasina alimwambia.

Mitchelle aliletwa saa sita. Alipita katikati ya watu waliokuwa wakimngoja Silas, na wanawake wawili walimshika mkono wakampa pole kwa kupotelewa na rafiki. Aliipokea pole yote.

Hasina aliweka simu mezani, picha juu.

"Alhamisi hapo palikuwa maji ya shingo."

Mitchelle aliisukuma simu kidogo.

"Na hiyo hina ni ya siku ya kwanza. Huna haja ya kufikiria jibu, sikuulizi. Nakuambia. Nitakuuliza kitu kingine. Jumatatu nani alikula wali na samaki?"

Msichana alitazama ukuta. "Mimi."

"Na mama yake akauliza."

"Aliuliza amekula. Ningesemaje?"

Rashad aliweka kalamu chini, akaichukua tena.

"Sema kuanzia mwanzo," Hasina alisema.

Mitchelle alisema kwa sauti ile ile ya kueleza povu. Picha za wiki mbili hupigwa siku moja. Kila mtu anafanya hivyo, si wao tu. Walikwenda na vitabu, mitandio mipya na boksi jipya la Lavender kutoka Nairobi, lile ambalo jina lake lilikuwa limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Walifika Golbanti kwa njia ya Garsen, wakauchukua mtumbwi wa Silas. Mpaka mtandio wa nne mambo yalikwenda sawa.

"Alisimama ukingoni. Nikamwambia asogee mbele zaidi ili mpunga uonekane nyuma yake."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Wewe umekulia hapa. Mto ukianza kujaa ukingo unakuwaje?"

"Unameguka."

"Ulijua?"

"Kila mtu anajua."

"Akaanguka."

"Picha nilikuwa nimeshaipiga. Ndiyo hiyo. Halafu udongo ukaenda, akaenda nao. Akashika matete. Mimi nilikuwa ndani ya mtumbwi."

"Mbali kiasi gani?"

"Kama hapa na ule mlango."

Mlango ulikuwa hatua sita.

"Kasia ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Basi?"

"Akishika mtumbwi ungepinduka, madam. Boksi lilikuwa ndani."

Nje, mtu alikuwa akiuza mahamri kwa wale waliokuwa wakingoja.

"Vitabu vingapi?"

"Ishirini na viwili. Havijafunguliwa."

"Viko wapi?"

"Umeviona. Nimevipanga."

"Ulikaa hapo ukimtazama?"

"Nilipiga kasia mpaka penye barabara. Alikuwa bado ameshika. Nilifikiri atapanda."

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anamwita mama yake."

"Na hizi picha. Amekufa, unaziachia zitoke moja moja. Kwa nini?"

Mitchelle alimtazama kama aliyeulizwa swali la kijinga. "Nilishazipanga. Zilikuwa nzuri. Ile ya Alhamisi imependwa na watu elfu nne."

"Silas alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilihitaji mtu mwenye mtumbwi."

Alipopelekwa ndani, Rashad alifunga jalada kwa nguvu. "Imekwisha, afande. Nikamfungulie Silas."

"Haijaisha. Ungamo alilolisema mbele ya sajenti, si inspekta wala hakimu, halisimami mahakamani. Kesho atapata wakili, atasema nilimtisha. Atasema picha ni ya Jumapili, sawa, lakini yeye na Lavenda walirudi wote Minjila, na kuna jibu la wali na samaki la kuthibitisha alikuwa hai Jumatatu. Hina ni neno langu. Mafuriko yanavunja hiyo Alhamisi tu. Na hao walioko nje wanataka mtu leo." Alichukua kofia yake. "Nataka mtu aliyemwona au kumsikia Jumapili, mtoni, mchana ule. Mmoja tu. Jambo alilolisikia kwa masikio yake."

Golbanti walifika saa tisa. Mitumbwi sita ilikuwa majini, wanaume wakichoma choma maji kwa mapondo, zile fito ndefu za kusukumia mitumbwi, chini ya shamba la kina Komora, pale Hasina alipoelekeza kwa simu. Hawakukawia. Mmoja aliinua mkono, wengine wakamsogelea, na hakuna aliyepiga kelele. Walivua mashati yao wakamfunika.

Rosina alikuwa ameketi mkekani mbele ya nyumba yake, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa. Nyumba ilikuwa juu ya ukingo, mto chini yake, na shamba lenyewe, au maji yaliyokuwa shamba, yakionekana ng'ambo. Aliwaona wanaume wakimpandisha. Hakusimama. Jirani yake Alice alimshika bega.

Hasina aliketi mkekani pamoja naye. Alivua viatu kwanza.

"Mama Lavenda. Pole."

"Nimeshapoa, mwanangu. Nilijua tangu Ijumaa." Rosina alikuwa akikunja na kukunjua pindo la leso. "Namshukuru Mungu kitu kimoja. Alhamisi sikuwapo. Nilikuwa Garsen, hospitali, kwa huu mguu, tangu Jumatatu mpaka Ijumaa. Ningekuwapo hapa nikakosa kumsaidia ningekufa. Lakini sikuwapo. Hata Alice anajua."

"Hakuwapo," Alice alisema.

Rashad alimtazama Hasina. Hasina aliutazama mto.

"Mama, haikuwa Alhamisi."

"Picha ni ya Alhamisi. Niliiona mimi mwenyewe, nikaibonyezea moyo."

"Picha ilitoka Alhamisi. Ilipigwa Jumapili. Jumapili ya wiki iliyopita, baada ya kanisa."

"Jumatatu alinijibu. Alikuwa amekula."

"Si yeye aliyejibu."

Rosina aliendelea kukunja pindo. Kisha mikono ikasimama.

"Jumapili saa ngapi?"

"Kama saa kumi."

Alice aliondoa mkono begani mwake, labda bila kujua.

"Jumapili nilikuwa hapa," Rosina alisema. "Mguu ulianza siku ile. Nilikuwa nimekaa hapa hapa napepeta mchele." Aliunyoosha mguu, akaanza upya. "Hawa watoto wana mchezo wao. Wakisoma kitabu, mtu wa ndani akifa, wanaweka simu mbele wanalia. Si kulia kwa uongo. Wanagaagaa, machozi yanatoka, wanaita mama, mama. Halafu wanazima simu, wanacheka. Mara ya kwanza alipofanya hapa nyumbani nilitoka mbio na mwiko mkononi, wakanicheka wiki nzima. Wakanitia kwenye simu na mwiko wangu, watu wakacheka mpaka Nairobi. Akaniambia, mama, usiwe unakuja, unaniaibisha."

Rosina alielekeza kidole mtoni.

"Nilimsikia. Ng'ambo, pale. Nikasema, leo kitabu kimekuwa kikali. Nikaendelea na mchele."

Rashad alikuwa ametoa karatasi ya maelezo, lakini kalamu haikugusa. Alisema polepole, "Afande, niandike?"

Kijijini watu walikuwa wameanza kukusanyika. Garsen, watu wengine walikuwa bado wamekaa nje ya kituo na Silas yuko ndani. Hasina alisogea karibu zaidi na yule mama.

"Andika," alisema. "Mama, ulimsikia ukamjua ni yeye?"

"Nisimjue sauti?"

"Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa ananiita mimi."

"Mara ngapi?"

Rosina alitazama kalamu ya konstebo ikingoja juu ya karatasi.

"Mpaka akaacha," alisema.